Jicho Lisiloona Haya

Kahawa ya mama ilipoanza kupungua, jambo la kwanza nililolifanya ni kumshuku mtu. La pili ni kutengeneza kamera. Laiti ningalianza na la pili, au nisingalianza na lolote kabla ya kuuliza, pengine nisingekuwa na la kuwasimulia leo, ndugu wasomaji.

Ilikuwa kiangazi, hapa kwetu Kituntu, wilayani Karagwe, katika vilima vya migomba ambavyo asubuhi huvaa ukungu kama shuka. Kahawa yetu ni robusta. Tunaichuma ikiiva nyekundu, tunaianika pamoja na maganda yake juu ya turubai kwa wiki mbili au zaidi, mpaka ukiitikisa kiganjani inalia kama njuga. Jioni tunaikusanya rundo moja, tunaifunika kwa turubai jingine, na kuikandamiza kwa mawe pembeni ili upepo usiifunue.

Asubuhi moja niliyakuta mawe yamepangwa vizuri kuliko nilivyoyapanga mimi. Nikaipima kahawa kwa debe. Debe moja halikuwapo. Wiki iliyofuata yalikuwa mawili.

Palikuwa na kijana kibarua aliyekuwa akituchumia kahawa msimu ule. Hakuwa na ndugu hapa kijijini, alikuja kutafuta kazi, mpole, mwenye kuzungumza kidogo. Upole wake nikauita ujanja. Nikamwendea baba mdogo, ambaye neno lake lina uzito katika sungusungu wa kitongoji chetu, nikamwambia, "Baba, yule kijana namtilia shaka." Sikusema ameiba. Sisi wapenda lugha tunajua kuchagua maneno yatakayotuacha tukiwa safi. Baba mdogo akajibu, "Leta ushahidi, tutamwita."

Ndipo nikaamua kutengeneza jicho.

Mimi ni fundi wa simu pale Omurushaka, nina stashahada ya kompyuta, na usiku nikipata nafasi naandika mashairi. Kwa hiyo nilikuwa na vifaa vyote viwili vya kujidanganyia, maneno na nyaya. Niliagiza kutoka Dar es Salaam kompyuta ya Raspberry Pi, ile iitwayo Zero W, ikafika Kayanga kwa basi ndani ya boksi dogo. Ni kompyuta nzima iliyojengwa juu ya bodi moja, yenye urefu wa milimita 65 na upana wa 30, ndogo kuliko kitambulisho cha taifa. Kompyuta za ukoo huo zilianza kuuzwa mwaka 2012 kutoka Cambridge, Uingereza, kwa nia ya kuwapa wanafunzi mashine ya bei nafuu ya kujifunzia. Zero W ilitoka mwaka 2017, ikiwa na waifai ndani yake, nayo iliuzwa huko kwa dola 10. Haina skrini wala kibodi. Kila inachokijua kimo katika memori kadi.

Nilipokuwa nikiisoma historia yake nilikutana na jambo lililonichekesha peke yangu gizani. Kamera ya kwanza kabisa kuonyesha picha zake mtandaoni nayo ilitoka Cambridge, na ilikuwa ikilinda kahawa. Mwaka 1991 watafiti wa maabara ya kompyuta ya chuo kikuu hicho waliielekeza kamera kwenye birika la kahawa, ili aliye chumba cha mbali asitembee bure na kulikuta tupu. Mwaka 1993 picha hizo zikaunganishwa na intaneti, watu wa nchi za mbali wakawa wanachungulia birika wasilolinywea, hadi lilipozimwa mwaka 2001. Nikajiambia, basi mimi si wa kwanza. Wao walilinda kahawa iliyochemshwa, mimi nalinda iliyoanikwa.

Ujenzi wenyewe haukuwa mgumu kwa mwenye subira. Niliiunganisha bodi na kamera ndogo kwa waya bapa kama utepe. Kamera ilikuwa ya aina isiyo na kichujio cha miale ya infraredi, na pembeni yake nikaweka vitaa viwili vya miale hiyo, ambayo jicho la mtu haliioni lakini kamera inaiona kama mbalamwezi. Nyumba ya kifaa ilikuwa kopo la plastiki lililokuwa la siagi. Nilitoboa tundu, nikaliziba kwa kioo cha saa mbovu, nikapaka silikoni pembeni mvua isipenye. Umeme ulitoka kwenye betri ya sola ya volti 12, nikaushusha hadi volti 5 kwa kile kidude wanachotumia madereva kuchajia simu garini. Kopo nikalipachika kwenye ukingo wa paa, likitazama uwanja wa kuanikia.

Wengi huniuliza nilitumia bando kiasi gani. Sikutumia hata moja. Mtandao si lazima uwe intaneti. Simu yangu ya zamani ilirusha waifai, bodi ikajiunga nayo, na simu ninayoitumia ikajiunga pia. Vitu vitatu vikawa vinaongea vyenyewe uani kwa mama, bila kupita mnara wa kampuni yoyote. Nilikuwa naweza kulala chumbani na kuutazama uwanja kama aliyekaa barazani.

Kazi ya kukesha niliikabidhi programu iitwayo Motion. Programu hii hailijui umbo la mwizi. Inalinganisha kila picha na zilizotangulia, inahesabu nukta zilizobadilika, na zikizidi kiwango ulichokiweka inaanza kurekodi. Kiwango inachokuja nacho ni nukta 1,500. Usiku wa kwanza ilinirekodia video zaidi ya mia mbili, zote za migomba. Kila upepo ulipopita majani yalipunga, na kwa programu kila jani lilikuwa mwizi. Usiku wa pili buibui alitanda utando mbele ya kioo, akang'ara katika miale ile mpaka uwanja wote ukapotea nyuma ya miguu yake minane.

Dawa ya migomba ni picha maalumu unayoichora mwenyewe. Unaiweka rangi nyeusi pale ambapo hutaki programu ishughulike napo, na nyeupe pengine pote. Kwa Kiingereza wanaiita kwa neno lenye maana ya kinyago, nami nikaiita hivyohivyo. Nilipaka migomba yote nyeusi. Usiku wa tatu, kimya. Usiku wa nne, kimya.

Usiku wa tano ilirekodi video moja.

Ilikuwa saa tisa kasoro dakika kumi usiku. Mwanamke aliyejifunga kanga alitoka upande wa jikoni, akapiga magoti mbele ya rundo, akaondoa mawe moja baada ya jingine bila kuyagonganisha. Akajaza debe. Akalifunika rundo, akalitandaza turubai kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala, kisha akarudisha mawe mahali pake, vizuri kuliko nilivyoyapanga mimi. Pembeni kabisa ya picha, kwenye njia, lilionekana gurudumu la baiskeli, na mguu wa mtu aliyekuwa akingoja.

Niliitazama video ile mara tatu. Mara ya tatu nikaifunika simu kifudifudi kitandani, kana kwamba yenyewe ndiyo iliyonitazama.

Hapa naomba niongee nanyi kama wapenzi wa lugha. Kitenzi *kuona* katika Kiswahili hakikai machoni peke yake. Tunaona watu na milima, lakini pia tunaona baridi, tunaona njaa, tunaona uchungu, tunaona raha. Na tunaona haya. Mswahili hakuitenganisha kazi ya jicho na kazi ya moyo. Aliyelipanga neno hili alijua kwamba anayeona kweli huguswa na anachokiona. Ndiyo maana mtu aliyekosa adabu hatumwambii kwamba hana macho. Tunamwambia, "Huoni haya!"

Kifaa changu kiliona nukta 1,500 na zaidi. Kilimwona mama yangu amepiga magoti usiku wa manane. Lakini hakikuona haya, na hakikugeuza uso kama ambavyo mtoto yeyote wa Karagwe angeugeuza. Mimi niliyekitengeneza ndiye niliyeachiwa kazi hiyo ya pili ya kitenzi.

Asubuhi nilimwamkia kama kawaida. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu. Umelalaje?" Nikasema nimelala salama. Akanipa kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa ingali bado haijaiva kisha ikakaushwa, ambayo hapa Kagera ndiyo karibu ya mgeni. Nikaitafuna nikijihisi mgeni kweli.

Sikumuuliza siku ile, wala iliyofuata. Waganda, jirani zetu wa ng'ambo ya mpaka, wanalo neno *linda*, na kwao maana yake ni kungoja. Wazulu, walio mbali kabisa kusini, nao wanalo, na maana ni hiyohiyo. Sisi tukilisema tunawaza rungu, uzio, na sasa kamera. Siku zile mbili nililielewa kwa upande wao. Niliona kwamba kumlinda mama ni kumngojea, aseme mwenyewe atakapoweza.

Lakini kungoja kuna bei, na bei hiyo hailipwi kila mara na anayengoja. Ijumaa jioni baba mdogo alipita, akasema bila kuketi, "Jumapili baada ya ibada tutamwita yule kijana mbele ya wazee. Kuna na jirani mwingine amepotelewa na kuku." Nikahisi miguu imekufa ganzi. Mnajua jinsi jina la mwizi linavyoenda. Likishatamkwa mbele ya watu halirudi, na mara nyingine halimwachi mtu na mwili mzima. Jina lile nililipeleka mimi. Na sasa, ili kumsafisha mtoto wa watu, ningelazimika kumwonyesha mama yangu.

Usiku huo niliingia jikoni. Mama alikuwa akichochea moto. Nikakaa kwenye kigoda, nikasema, "Mama, baba mdogo anataka kumwita kijana wetu kwa ajili ya kahawa."

Hakugeuka. Alichochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Kisha akasema, "Yule mtoto hajaiba kitu."

"Najua, mama."

"Unajua?"

"Najua."

Akaniangalia, kisha akaangalia juu, upande wa ukingo wa paa. Alikuwa ameniona nikilipachika kopo, nikamwambia ni la kunasa mawimbi ya simu. Kwa hiyo katika nyumba ile kila mmoja alikuwa na uongo wake mdogo.

Akanisimulia. Mwaka uliopita, kahawa ilipokuwa ingali ua, alichukua fedha kwa mtu na kuahidi kumlipa madebe msimu ukifika. Wasomaji wa Kagera wanajua jina la biashara hiyo, *butura*, kuuza kahawa ikiwa bado juu ya mti kwa bei anayoitaka mwenye fedha. Serikali imeikataza, na kahawa inatakiwa ipitie kwenye vyama vya ushirika. Ndiyo maana mwenye baiskeli hakutaka kuja mchana. Lakini mama naye hakutaka aje mchana, na sababu yake nilikuwa mimi. Fedha zile zilimalizia deni la ada, ili chuo kiniachilie cheti changu.

"Uliniambia uliuza mbuzi," nikasema.

"Mbuzi gani?" akajibu. "Wewe uliona mbuzi hapa?"

Tulicheka, tukanyamaza. Basi stashahada iliyonifundisha kuunganisha jicho lile ilinunuliwa kwa kahawa ileile ambayo jicho lile lilikuwa likimvizia mama asiitoe.

Nikamuuliza nifanye nini kuhusu Jumapili. Akasema, "Nenda sasa hivi. Msafishe kwanza mtoto wa watu. Yangu tutayaongea."

Nilikwenda usiku huohuo, tochi mkononi. Baba mdogo alinipokea akidhani nimeleta ushahidi. Nikamwambia, "Baba, nimekuja kuomba radhi. Kahawa haikuibwa. Mimi ndiye niliyehesabu vibaya." Alinitazama muda mrefu. Alikuwa amesikia kuhusu kopo langu, kijiji kizima kilikuwa kimesikia. Angeweza kuuliza nini kilionekana. Akauliza, "Mama yako mzima?" Nikasema mzima. Akasema, "Basi umehesabu vibaya." Mpaka leo sijui kama alijua, na sitamuuliza.

Kwa kijana ilikuwa vigumu zaidi. Hakuwa amesikia lolote, na niliweza kunyamaza. Lakini aliyesingiziwa asiyejua bado amesingiziwa. Nilimweleza asubuhi, chini ya mikahawa, kwamba nilimpeleka jina lake mahali pabaya na kwamba nimelirudisha. Alinyamaza, akaendelea kuchuma. Baadaye akasema, "Nilijua. Uliacha kunisalimia." Katika hesabu zangu zote za madebe na nukta, hiyo salamu sikuwahi kuihesabu. Msimu ulipoisha alilipwa akaenda zake, na sijui kama alinisamehe.

Deni la mama tulilimaliza wawili, kwa fedha za kutengeneza simu. Video niliifuta. Kopo sikulishusha, kwa sababu wezi wapo kweli, na kuku wa jirani hawakujihesabu vibaya wenyewe. Lakini nilirudi kwenye programu.

Kuna vinyago vya aina mbili. Kile nilichokitumia kwa migomba huiambia programu isijali mwendo wa pale, lakini picha yenyewe huendelea kuonekana yote. Kipo kingine cha faragha, ambacho hulifunika eneo kwa weusi ndani ya picha yenyewe. Kilichofunikwa hakirekodiwi, na hata mwenye kamera hawezi kukiona baadaye. Nilichora weusi huo juu ya mlango wa jikoni na njia yote anayopita mama. Nilichora pia upande wa nyumba ya jirani, ambao kamera ilikuwa ikiuona siku zote bila mimi kuwaza kwamba mle mna watu. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na jina lake limenifikirisha sana. Neno *ulinzi* pale halisemi habari ya jicho linalotazama. Linasema habari ya jicho linalozuiwa kutazama.

Kiswahili kilikuwa nalo neno la weusi ule kabla ya kamera zote, nami nilikuwa nimelisahau. *Sitara*. Kusitiri ni kufunika kwa heshima, kumwachia mtu haya yake aibebe mwenyewe kwa kadiri yake. Nikaondoa jina la kinyago kwenye faili lile, nikaliita sitara. Kinyago humficha anayekivaa, na sitara humhifadhi anayetazamwa. Hata hivyo nasema kwa tahadhari, maana neno hilihili limewahi kuwafunikia wakosefu. Kama ningemsitiri mama na kumwacha kijana aitwe mbele ya wazee, ningelitumia vibaya neno zuri.

Mama aliomba kuona inavyofanya kazi. Nikampa simu. Aliuangalia uwanja, mikeka, turubai, mawe. Akakiweka kidole juu ya eneo jeusi, akauliza, "Hapa pameungua?"

"Hapana, mama. Hapo ni mlango wako."

Akanirudishia simu. "Basi kesho uyapange mawe vizuri," akasema. "Wewe huyapangi vizuri."

Kwa kuwa ukumbi huu ni wa washairi, naliacha hapa nililoliandika usiku ule wa tano, kabla sijajua la kufanya:

Jicho nimelipachika, ukingoni litambue,
Likeshe bila kuchoka, mwizi wangu nimjue,
Picha iliponifika, nikashindwa nichague,
Haya halikuandika, ni mimi niichukue.

Ubeti wa pili sijaupata. Nilitaka uwe wa yule kijana, na kila nikianza naona vina vinakuja haraka mno, nami navikataa. Mwenye jina bora kuliko *sitara* kwa ule weusi wa faragha, naomba anipe. Mpaka hapo nitaendelea kulitumia.